Ukisikia Ninafumua

12 Aprili

Mdogo wangu Kibabu,

Barua hii naiandikia juu ya meza ya kukatia nguo, na mkasi nimeuegemeza kwenye karatasi isipeperuke. Ukiona mstari umepinda, ujue si kichwa, ni mkasi. Naanza na mzaha kwa sababu ninalokuomba halina mzaha hata kidogo.

Mimi ni mzima. Tangu nilipotoka wodini mara ya mwisho umepita mwaka na ushee. Dawa nakunywa, nalala, nakula, na wateja wamerudi wote isipokuwa mama wa yule bibi harusi, na simlaumu. Gauni la binti yake nililifumua likabaki vipande, na harusi ilikuwa kesho kutwa. Hata mimi nisingerudi.

Juzi kliniki afisa ustawi aliniita pembeni. Akanieleza kuna sheria mpya: mtu mwenye ugonjwa kama wangu, akiwa na akili zake timamu, anaweza kumtaja ndugu mmoja wa kumsemea siku akili zikimruka. Ndugu huyo akisema mpelekeni hospitali, anapelekwa. Akisema tiba hii hapana, wanamsikiliza. Wanamwita msemaji. Nimekutaja wewe. Sikukuuliza kwanza kwa sababu ungesema ngoja nifikirie, na wewe ukianza kufikiria watu huota mvi. Hatukukupa jina la Kibabu bure.

Sasa shika hili. Ugonjwa wangu hauji na makelele, unaujua. Unakuja na wembe. Nachukua nguo iliyokwisha, iliyopigwa pasi, naona mshono wake umekosea, nafumua. Naona na nyingine. Mwisho nafumua za mtaa mzima. Kwa hiyo ukisikia ninafumua nguo zilizokwisha, usingoje hata kesho. Piga simu waje wanichukue. Safari ile ulingoja miezi miwili kwa sababu nilikuandikia barua tamu kwamba mambo ni shwari, na kwenye miezi hiyo miwili nilipoteza kila kitu isipokuwa cherehani. Nakuonya mapema: nikiugua nitakuandikia vizuri kuliko hakimu. Nitakuwa na hoja. Nitakulilia. Usinisikilize. Anayekuandikia leo ndiye dada yako, yule mwingine mwache aseme mpaka achoke.

Unajua mama alivyochukuliwa. Baba alingoja, eti yatapita, mpaka ikafika siku ya mkokoteni na kamba ya kuanikia nguo, na mtaa wote umejipanga kutazama. Mimi sitaki kamba. Ukiwahi, kamba haitakuwepo.

Jibu upesi, na usiseme utafikiria.

Dada yako,
Fundi


20 Aprili

Dada,

Nimefikiria. Samahani, ndivyo nilivyo.

Nakubali. Mke wangu anasema kazi hiyo ni ya kuvunja undugu, kwamba siku moja utaninyooshea kidole na kusema kikulacho ki nguoni mwako. Nimemwambia aliyeomba ni wewe mwenyewe, na ukiwa na akili zako. Nitafanya ulivyosema, neno kwa neno.

Huku mtamboni hakuna jipya. Pampu tatu, mbili nzima, mafundi wawili tunapokezana zamu, na maji yanakwenda mjini watu waoge na kulalamika. Zikinguruma sana huwa nakumbuka cherehani la mama, lile la mkono, na wewe umekaa chini ya meza unaokota vitambaa. Ulinishonea mwanasesere kwa mfuko wa suruali ya baba. Baba aliuona mfuko haupo akiwa sokoni na sarafu zimeshamwagika njia nzima. Nani alipigwa? Mimi, maana mwanasesere alikutwa kwangu.

Siku ya mkokoteni siikumbuki, nilikuwa mdogo. Mama ninayemkumbuka ni yule aliyerudi. Mtulivu, sauti ya chini, nywele amezisuka vizuri. Nilipoanza shule alikuwa ananisubiri getini kila siku, ameshika mwavuli hata kama jua linawaka. Watoto wengine walirudi peke yao wakirushiana mawe. Mimi nilishikwa mkono mpaka nyumbani. Kwa hiyo wewe ukisema hospitali unaona kamba, mimi naona ule mwavuli. Labda ndiyo sababu umenichagua.

Mdogo wako,
Kibabu


30 Mei

Kibabu,

Neno kwa neno, umesema. Haya, nimelala usingizi mzuri tangu nilipoisoma.

Ila mama yako wa mwavuli na mama yangu si mtu mmoja, na usikasirike. Wewe ulimpata baada. Mimi nilimpata kabla. Mama wa kabla alikuwa anaimba akifua, na akiimba majirani walizima redio. Alishusha mapazia yote ya nyumba akawashonea magauni wasichana wa mtaa mzima, tukazunguka na maua ya pazia mgongoni kama timu ya mpira, na nyumba ikabaki wazi wapita njia wanatuona tunakula. Alipaka mlango rangi ya manjano, akafika katikati, akasema nusu inatosha. Baba hakucheka. Mimi nilidhani kila mama yuko hivyo.

Najua alikuwa mgonjwa. Najua ilikuwa hatari, siku nyingine hakula wala hatukula, na mara moja alinisahau stendi. Lakini aliporudi kutoka kule hakuimba tena, Kibabu. Nilimngoja miaka. Nilikuwa nafua karibu naye naanzisha wimbo kusudi, yeye anasuuza tu. Namkosa yule hata leo, na hakuna wa kumwambia, maana wewe hukumjua na baba hakutaka kumkumbuka.

Tuyaache. Nimepata kazi kubwa, bwana we. Sare za shule nzima ya wasichana! Mwalimu mkuu ni mwanamke mrefu asiyecheka, alizivuta sare za mfano kwa nguvu zote kama anayejaribu kamba ya ng'ombe, zikashika. Akasema, "Zinafaa." Kwake hiyo ni ngoma na vigelegele. Shule zikifunguliwa Septemba kila msichana mtaani atakuwa amevaa mkono wangu. Hapo wataacha kunionyesha watoto wao kwa kidole.

Msalimie wifi. Mwambie kidole changu kina kazi, hakina nafasi ya kumnyooshea mtu.

Fundi


6 Agosti

Dada,

Kama unaisoma hii, basi wodini wameanza kukuruhusu barua.

Nimefanya ulivyoniambia. Ijumaa mama mwenye nyumba wako alipiga simu ofisini kwetu, bosi akaniita nikiwa na grisi mpaka viwiko. Alikuwa analia. Alisema umejifungia tangu juzi, unaimba, amekupigia hodi ukakataa kufungua, na alipochungulia dirishani akakuona sakafuni na wembe, mashati ya shule yamekuzunguka, unayafumua. Nikamuuliza, yaliyokwisha? Akasema yaliyokwisha na kupigwa pasi. Nikamuuliza tena. Akasema yote.

Sikufikiria, dada. Mara hii sikufikiria. Niliomba bosi aniachie simu nikapiga hospitali, nikataja jina langu, wakalikuta kwenye faili lako.

Wamenihakikishia hakukuwa na kamba. Wamesema ulitembea mwenyewe mpaka garini ukiwaambia wamekosea nyumba.

Tulia. Utapona kama ulivyopona. Nitakuandikia kila wiki.

Kibabu


10 Agosti

Kibabu,

Nilipoisoma barua yako nilicheka, kisha nikalia, kisha nesi akaandika kwamba nimecheka na kulia.

Siumwi. Sikiliza taratibu. Siku shule zilipofungwa mwalimu mkuu alikuja dukani akasema ofisi ya elimu imebadilisha kola. Za mviringo hazitakiwi tena, zote ziwe za pembe, na Septemba haisogezwi. Nilimwambia maneno makali sana. Kisha nikachukua wembe, maana kola ya shati haibadilishwi kwa maombi, inafumuliwa. Nilijifungia kwa sababu kila mteja aliyeingia alitaka kujua kulikoni, na kazi ilikuwa ya kuniua. Niliimba kwa sababu pamoja na hayo yote nilikuwa na furaha. Ilikuwa kazi yangu kubwa kuliko zote na nilikuwa naiweza.

Na usidhani nilikusahau. Niliposhika shati la kwanza nilisema moyoni, Kibabu akisikia hili atazimia. Nikasema nitamwandikia nikimaliza mafungu mawili. Ningejua!

Daktari ni kijana, ana adabu, ananiita mama. Nimemweleza kama nilivyokueleza. Akauliza huyo mwalimu mkuu yuko wapi. Nikasema amekwenda likizo kwao, sijui kwao ni wapi. Akaandika. Nikamwambia atume mtu akayaone mashati. Akasema, kwa upole kabisa, kwamba mashati yamefumuliwa, hilo hatubishani.

Mdogo wangu, piga simu moja tu. Waambie umekosea. Wewe ndiye msemaji, wewe tu ndiye watakayemsikia.

Fundi


15 Agosti

Dada yangu,

Umeandika vizuri kuliko hakimu.

Nimeisoma barua yako nikiwa peke yangu nyuma ya mtambo, na nilikuamini yote kuanzia kola mpaka wembe. Nikainuka kwenda kupiga simu. Katikati ya njia nikakumbuka kwamba safari ile pia nilikuamini. Safari ile uliniambia gauni la bibi harusi lilikuwa na mshono wa kumletea bahati mbaya, ukanieleza kwa mpangilio mpaka mimi mwenyewe nikaona ni kweli, nami si mtu wa kuamini mambo hayo. Na Aprili uliniambia: nitakuwa na hoja, nitakulilia, usinisikilize. Nikarudi nikaketi.

Daktari anasema unabishana tangu asubuhi, hulali, na vidonge unavitema. Nimewaruhusu wakupige sindano. Sasa ananiuliza kuhusu tiba ya umeme. Anasema si kama zamani, mgonjwa analazwa usingizi kwanza, na kwa wengine inaharakisha kupona. Karatasi imeshanifikia, inatakiwa irudi na saini kabla ya mwisho wa mwezi. Bado sijasema ndiyo.

Ningekuja kukuona. Mwenzangu wa zamu amevunjika mguu, nikiondoka mji mzima unakosa maji.

Dada, kama ni wewe wa Aprili unaisoma hii, utanielewa. Kama ni yule mwingine, nisamehe.

Kibabu


21 Agosti

Kibabu,

Mwandiko huu si wangu. Ni wa bibi wa kitanda cha dirishani, aliyekuwa karani. Sindano zako zimeniacha na mikono inayotetemeka, kalamu siishiki. Uzi kwenye tundu la sindano ndiyo usiulize.

Najua nimejifunga mwenyewe. Nikinyamaza, naumwa. Nikisema, naumwa vizuri. Mlango niliufunga na funguo nikakupa wewe, nami nilikuwa nakuamini, kwa hiyo sikuombi tena unitoe. Nakuomba mawili. Tafuta mwalimu mkuu. Na ule umeme usiutie saini. Sikatai kwa kuwa ni mbaya. Bibi huyu anayeniandikia anasema ulimwokoa, alikuwa hatii hata kijiko kinywani mwake, na ananiambia niliandike hilo. Haya, limeandikwa. Nakataa kwa sababu siumwi.

Na kwa vile unapenda sana mwavuli wa mama, nikuambie kitu. Mama alikuwa anasimama pale getini tangu asubuhi, mara tu ukishaingia darasani. Hakujua saa. Dawa zilikuwa zimemwondolea hata hilo. Nilikuwa nampelekea maji ya kunywa nikitoka shule yangu wakati wa mapumziko, wanafunzi wakubwa wananicheka, na nilikuwa namwambia bado, mama, bado. Huyo ndiye mama mtulivu. Ukitia saini, utampata tena.

Fundi

(Mimi mwandishi naongeza langu: dada yako anakula, analala akiachwa, na amenirekebishia pindo kwa mdomo tu, mimi nashona yeye ananielekeza. Nimeona wagonjwa wengi humu, nami ni mmoja wao. Njoo umwone.)


3 Septemba

Ndugu,

Hatufahamiani. Mimi ni mwalimu mkuu wa shule iliyompa dada yako kazi ya sare. Jana tumefungua shule na wanafunzi wangu wamekuja na nguo za nyumbani, kila rangi iliyoumbwa. Nilikwenda dukani kwa dada yako nikiwa nimejiandaa kugomba. Nikakuta kufuli, na mama mwenye nyumba akanieleza kwa kwikwi kwamba fundi amerukwa na akili, amefumua mashati yote.

Mashati yale yamefumuliwa kwa amri yangu. Niliitoa kwa mdomo, siku ya kufunga shule. Dada yako alinijibu maneno ambayo sitayaandika, kisha akaniuliza kola za pembe ziwe na upana gani. Nimefundisha muda mrefu, na hasira za mtu mwenye akili zake nazitambua.

Nimekwenda hospitali. Daktari alinisikiliza, akafungua faili, kisha akamwomba radhi dada yako mbele yangu, na kwa hilo namheshimu. Nilipouliza kwa nini hawakuitafuta shule, nikajibiwa kwamba ndugu mwenye mamlaka alishathibitisha ugonjwa. Kwa simu. Sijui uko mbali kiasi gani. Mimi nimetumia nusu saa nzima kuthibitisha kinyume chake, na sehemu kubwa nilikuwa nangoja kwenye benchi.

Anatoka kesho. Mikono yake haiwezi kazi bado. Nimemwambia sare zitangoja, na ofisi ya elimu nitaizungumzia mimi.

Mwalimu Mkuu


5 Septemba

Dada,

Nimejaribu barua hii mara nyingi. Kila nikiianza inakuwa ya kujitetea.

Ile karatasi ya umeme nilikuwa nimeshaitia saini. Ilikuwa mezani kwa bosi pamoja na barua nyingine za ofisi, inangoja gari la posta, gari likaharibika. Kama si gari bovu ungekuwa umelazwa mezani unapelekewa umeme kwa jina langu. Nilitia saini baada ya barua yako ya getini. Niliikasirikia. Nilisema dada yangu mzima hawezi kuniandikia hivyo, huyu ni ugonjwa unamchafua mama. Sasa najua ulikuwa wewe na ulisema kweli, na mimi niliipa kweli jina la ugonjwa kwa kuwa iliniuma.

Nimekaa nikimfikiria mama amesimama pale tangu asubuhi. Siku zote nilijua kwamba katika dunia hii kuna mtu mmoja aliyekuja kwa wakati kwa ajili yangu.

Naomba uende kwa afisa ustawi ulifute jina langu. Andika mtu mwingine yeyote. Siiwezi kazi hii. Nilikuahidi neno kwa neno nikafanya neno kwa neno, na tazama.

Ukiniruhusu nije, nitakuja. Usiponiruhusu, nitaelewa.

Kibabu


28 Septemba

Mdogo wangu,

Nimekawia kukujibu kwa sababu mbili. Ya kwanza, mikono. Ya pili, ungekuja wiki ile ningekupiga na rula ya kukatia, ile ya mbao, na mke wako angebaki na kazi ya kukukanda.

Sasa nashika kalamu, unaona. Kola zimekwisha. Mwalimu mkuu alikuja kuvuta moja kwa nguvu zake zote akasema zinafaa, kisha akasimama mlangoni kama mtu mwenye neno, kisha akaenda zake.

Nilikwenda kulifuta jina lako. Nilikwenda na hasira zangu zimepigwa pasi. Afisa ustawi akafungua faili, akashika kalamu, akauliza, "Badala yake tuandike nani?" Nikakaa kwenye kiti chake kile kibovu nikaanza kuwapanga watu. Mama mwenye nyumba ananipenda, lakini ananiogopa, atawaita kila nikipiga chafya. Mwalimu mkuu ataona siumwi mradi kazi inatoka. Wateja ni wateja. Nikatafuta mtu mmoja aliyekula nami kwenye ile nyumba isiyo na mapazia, anayejua nikitania ninataniaje, sikumpata zaidi yako. Nikamwambia aliache jina kama lilivyo. Akaniangalia sana. Nadhani kidogo aandike kitu.

Kuhusu mama. Nilikuandikia kwa ukali na nusu nilikuficha kusudi. Ni kweli alisimama tangu asubuhi na ni kweli hakujua saa. Lakini hakuna aliyemtuma. Baba alimkataza, alimfungia hata viatu, akaenda pekupeku. Njia ile ilikuwa na mageti mengi, Kibabu, na kila siku alisimama kwenye lako. Mimi ndiye niliyekuwa nampelekea maji, nami hakuwahi kunisubiri popote. Nadhani ndicho kilichonifanya niandike vile. Nilikuwa na wivu wa miaka mingi.

Sasa hofu yangu ni nyingine kabisa, na ndiyo sababu ya barua hii. Iko siku nitaugua kweli. Daktari anasema hivyo na mimi najua hivyo. Siku hiyo utakumbuka kola za pembe, mkono utakuwa mzito, na utangoja. Utangoja kama baba. Kunikosea mara moja kumekuharibu, na mimi ndiye nitakayelipia.

Kwa hiyo masharti mapya, na haya nimeyaandikisha. Usimwamini mama mwenye nyumba, usimwamini daktari, wala usiniamini mimi wa barua, awe wa Aprili awe wa Agosti. Njoo. Maji ya mji yakatike, watu wakaoge mtoni. Kaa nami siku mbili, kula nami, nitazame usoni. Ukiona ni mimi, rudi kwenye pampu zako. Ukiona si mimi, wapigie simu, hata kama nakuapia. Dawa, ndiyo. Umeme, nitaamua mwenyewe nikiwa mzima. Nitakutukana. Nitasema wewe si ndugu yangu, na siku hiyo nitakuwa ninamaanisha. Uwape saini hivyo hivyo.

Najua ninalokuomba. Kwa mtu mwingine nisingethubutu.

Fundi


9 Machi

Dada,

Barua hii namwachia nesi. Anasema kwa sasa husomi, maneno yanakukimbia kwenye karatasi, lakini ataiweka kwenye droo ya kitanda chako mpaka siku utakayoitaka.

Mama mwenye nyumba alipopiga simu, alisema tu kwamba ana wasiwasi. Sikumuuliza la kufumua. Nilimkabidhi mwenzangu pampu zote tatu, bosi akapiga kelele, nikapanda gari.

Nilikaa nawe siku mbili kama ulivyosema. Siku ya kwanza nilitafuta kila njia ya kukuona mzima. Ulinipikia, ukanitania kwamba nimenenepa, nikajiambia tazama, ni yeye huyu. Lakini ulikuwa unafumua gauni ulilolivaa mwilini, mimi Kibabu nimekaa mbele yako, na ulipofika begani uliendelea na wembe kama vile hapo pia pana uzi. Nilikushika mkono. Damu ilikuwa kidogo, kidonda kimefungwa, kitapona.

Na uliimba. Dada, sikuwahi kukusikia hivyo. Watu walisimama nje. Ulinivuta tukacheza katikati ya vitambaa, ukaniambia mambo ya mtaa wetu kana kwamba yanatokea leo, baba yuko sokoni, mlango una rangi mpya. Nilimwona mama ambaye sikumpata. Ni mzuri. Ni mzuri mno, sasa najua ulichokuwa unakililia pale kwenye beseni la kufulia. Nilitaka kumwacha alivyo. Nakuambia kweli, nilikaa na simu ya mama mwenye nyumba mkononi nikitafuta sababu ya kumwacha, na sababu zilikuwa nyingi.

Kisha nikakutazama usoni kama ulivyoniambia. Hukunijua. Ulikuwa unacheza na mtu mwingine.

Nimewapa saini ya dawa. Kuhusu umeme nimewaambia mwenyewe atasema, wamekubali. Gari lilipokuja uliniita mchawi, ukasema ndugu yako alikufa zamani akiwa mdogo. Nilipanda nawe nikakaa pembeni yako njia nzima. Hakukuwa na kamba.

Nimeomba likizo, na kama hawatanipa basi sina kazi, tutaona. Bibi wa kitanda cha dirishani hayupo tena, wanasema alipona akaenda kwao. Mimi nimepewa ruhusa ya kukaa kwenye benchi la nje mchana kutwa.

Hutaweza kunisamehe upesi, najua, na sitaki ujilazimishe. Ila siku utakapotaka kunitukana, usihangaike kutafuta kalamu. Fungua tu mlango, nipo hapa.

Mdogo wako